Kabla hujaanza kuinua Land Cruiser mkonga kuukuu: mambo ya kuangalia

Wadau, kila kiangazi kikikaribia maswali ni yaleyale: ninunue winchi gani (ile mashine ya kujivuta kwa kamba), niinue inchi ngapi, tairi za inchi 33 zinaingia au zinagusa. Ukimgeuzia muulizaji, gari yenyewe ikoje, anakwambia ni Land Cruiser mkonga ya mwaka 92, ile yenye bomba la kuvutia hewa linalopanda pembeni ya kioo cha mbele, ameitoa kwenye mnada, rangi ameshapiga mpya, ila chini hajawahi kulala akaangalia. Sasa hapo ndo kuna shida, manake gari ya miaka thelathini huwezi kuiongezea kitu kabla hujairudisha ilivyotoka kiwandani, kila unachoongeza kinaenda kubebwa na kitu ambacho kimeshachoka. Nitaongelea zaidi hizi mkonga za HZJ75 na wadogo zake 78 na 79 kwa sababu huku kwetu Arusha ndo zimejaa na mafundi wanazijua, ila mwenye Land Cruiser VX ya zamani, Hilux au Defender atapata chake humuhumu.

Anza na chesisi. Peleka gari ikaoshwe chini kwa presha, ikauke kabisa, alafu lala na tochi na nyundo ndogo ugonge taratibu kutoka mbele kwenda nyuma, chuma kizima kinalia na kilichooza kinanyamaza. Angalia pale boksi la usukani linaposhikwa, angalia pale springi za nyuma zinaponing'inia, angalia kila mahali palipochomelewa na ujiulize palichomelewa kwa nini. Palipopakwa lami nzito nyeusi paangalie mara mbili, watu wanapaka kuficha. Alafu panda juu, hizi gari zinaozea kwenye ule mfereji wa paa na chini ya mpira wa kioo cha mbele, na mfereji huohuo ndo unataka ubane keria yenye madumu na hema, kwa hiyo kama vidole vinatoka na unga wa kutu sahau keria kwanza, tafuta fundi bodi.

Injini ya 1HZ watu wanaisifia na wana haki, sita silinda, lita 4.2, haina turbo wala kompyuta, inakunywa dizeli ya vijijini bila kulalamika sana. Ila ina timing belti ya mpira na ile belti inabadilishwa kila km 100,000, ndo maana kwenye dashibodi kuna taa ndogo imeandikwa T-BELT. Gari ya mnada hiyo taa haikwambii ukweli, labda imeshazimwa na mtu, labda balbu imekufa, kwa hiyo badilisha belti na tenshona yake siku unayoichukua, usiulize historia, manake ikikatika vavu na pistoni zinakutana na safari imeishia hapo. Pili ni mfumo wa maji. Mafundi wetu hawa wana tabia ya kutoa themostati wakisema nchi yetu ya joto haihitaji, alafu wanajaza maji ya bomba. Rudisha themostati, weka kulanti, safisha rejeta, jaribu ile feni kama inakaza injini ikipata moto au inazunguka ovyo tu, na hosi zote zilizovimba zitoke. Kwenye mchanga unapanda kwa namba mbili na gari haina upepo wa kuipoza, hapo ndo utajua rejeta yako ina hali gani.

Na wanaoniuliza kuhusu kufunga turbo kwenye 1HZ: inafungika, wapo waliofunga na wanatembea, ila ile injini inachomea mafuta kwenye vichemba vidogo vya kwenye silinda hedi na haikutengenezwa kwa joto hilo, ukiisukuma sana hedi inapasuka. Ukiamua weka na geji ya kupima joto la moshi, presha iwe ndogo, na usiguse pampu kuongeza mafuta eti ikimbie. Mimi nisingefunga. Farasi kama 130 zinakutosha kabisa ukiwa na gia ya chini, porini hakuna anayekukimbiza.

Miguu ya mbele ndo sehemu ninayokaa nayo muda mrefu kuliko zote. Piga jeki, shika tairi juu na chini uitikise, ikicheza ni beringi za habu au zile za kwenye nako, yaani kile kiungo kinachogeuza tairi ukikata usukani, mwambie mtu akanyage breki huku unatikisa, ikiacha kucheza basi ni za habu, ikiendelea ni za nako. Alafu angalia lile tufe la chuma nyuma ya tairi. Likiwa na grisi nyepesi tu iliyotapakaa ni kawaida ya uzee, lakini ukikuta uji mweusi unaochuruzika hadi kwenye rimu, oili ya difu (lile kasha la gia katikati ya ekseli) imeshavuka sili ya ndani na kuchanganyika na grisi, zile joint za ekseli zilizo ndani ya tufe zinazunguka bila ulainisho wa maana, na ukizifungia tairi kubwa alafu ukakata usukani wote huku umekanyaga mafuta, zinapasuka. Funga seti nzima, sili, beringi na grisi mpya, kabla ya senti moja kwenda kwenye bampa. Zile habu za kufunga kwa mkono nazo zifungue, zioshe, hakikisha zinashika kweli, wapo watu wanaingiza 4H, ile gia ya kuvuta kwa miguu yote minne, wakiwa wamenasa na mbele hakuna kinachozunguka.

Baada ya hapo ndo tuongee nyongeza, na nyongeza zote zina adui mmoja anaitwa uzito. Bampa ya chuma na winchi yake ni karibu kilo mia, tena zote zinaning'inia mbele ya ekseli. Dumu la lita 20 la dizeli ni kilo 17 bila dumu lenyewe, la maji ni 20, weka manne juu ya paa pamoja na hema na tairi ya akiba uone gari inavyolala kwenye kona. Andika kila kitu kwenye karatasi na kilo zake pembeni, jumlisha na watu, linganisha na uzito ambao kiwanda kimeruhusu. Wengi wakifanya hiyo hesabu winchi wanaifuta wenyewe, na sioni ubaya, kama mnatembea gari mbili winchi ni anasa.

Kuinua. Inchi mbili zinatosha, narudia inchi mbili, zaidi ya hapo unaanza kuhangaika na propela shafti, hosi za breki zinazovutika na usukani usiotulia. Watu wanadhani kuinua springi kunainua difu, hapana, difu inakaa palepale, kinachoinua difu ni tairi tu, springi inainua bodi na kukupa nafasi ya tairi kucheza. Kwenye 75 springi ni za bapa miguu yote minne, 78 na 79 kuanzia 1999 mbele ni koili. Ule ujanja wa kuongeza bapa moja nene la lori ni wa bei rahisi na gari itasimama juu kweli, ila haikunji tena, kwenye shimo mguu unabaki hewani na meno unayasikia. Nunua seti inayolingana na uzito ulioandika kwenye ile karatasi, na shokapu zake ndefu za kuendana nazo. Kitu kimoja mafundi wengi wanakiruka: juu ya ekseli ya nyuma kuna valvu ya breki iliyoungwa na kifimbo cha chuma, kazi yake kupima mzigo. Ukiinua nyuma bila kukirekebisha hicho kifimbo, valvu inadhani gari haina mzigo na inapunguza breki za nyuma, na wewe ndo umejaza madumu.

Tairi. Mkonga wa zamani ulikuja na 7.50R16, nyembamba, wengi wanaziona za kizee wanakimbilia pana za 285/75. Ila pima: 7.50 ina urefu wa karibu inchi 32, hiyo 285 ni karibu 33, kwa hiyo difu umeinua nusu inchi, na gharama yake ni usukani mzito, beringi kuteseka na mafuta kwenda. Kwenye udongo mweusi wa mbuga nyembamba inakata tope kutafuta ardhi ngumu, pana inaelea juu na kuteleza, kwenye mchanga ndo pana inashinda, lakini hata nyembamba ukiishusha upepo inajitanua. Ndugu zetu wa Oman wanaopanda vilima vya mchanga jambo la kwanza wakitoka lami ni kushusha upepo, sisi tunasubiri tunase ndo tukumbuke. Shusha hadi psi 18 hivi, tembea taratibu, usikate kona ghafla, na uwe na kompresa ya kujaza ukirudi kwenye kokoto. Angalizo, zile rimu za vipande zenye tyubu usishushe sana, tairi ikizunguka ndani ya rimu inang'oa pipi ya tyubu, pale pa kujazia upepo. Uzuri wake ni kwamba unaziba porini kwa tairi liva mbili na kiraka.

Mkonga wenyewe, jina la gari limetoka hapo ila usiuamini kwa jina. Nyingi za kiwandani ni za kuvuta hewa isiyo na vumbi, hazijazibwa kwa maji, maungio yanapitisha. Washa injini, ziba mdomo wa mkonga kwa kipande cha plastiki kigumu, ikizima iko sawa, ikiendelea kunguruma kuna mahali inavuta hewa na hapohapo itavuta maji, na injini ya dizeli ikimeza maji koni rodi, kile chuma kinachoshika pistoni, inapinda. Wakati uko hapo ongeza vibomba vya kupumulia vya difu, giaboksi na transfa (boksi la gia za 4x4) vipande juu usawa wa boneti. Difu ikiwa ya moto ukaiingiza kwenye mto wa baridi inanyonya maji kupitia sili, siku ukifungua nati unakuta chai ya maziwa badala ya oili. Mpira wa mita chache na klipu, ndo modifikesheni rahisi kuliko zote na hakuna anayeipiga picha.

Umeme kwa ufupi: jua kwanza gari yako ni volti 12 au 24, zipo za 24 zilizotoka Japani, usije kununua taa na winchi ya 12. Kila kitu kipya kiwe na fyuzi yake na rilei yake, waya upite mbali na eksozi. Moto wa gari porini hauna faya.

Vya kukwamulia. Vile vijipete vilivyo chini ya chesisi ni vya kufungia gari kwenye meli, havivutiwi, na lile tufe la kuungia trela ndo kabisa usilifunge kamba ya kuvuta, likikatika linaruka kama risasi na watu wamekufa duniani kwa hiyo. Weka kulabu halisi zilizofungwa kwenye chesisi kwa bolti ngumu, mbele na nyuma, mbili mbili. Kamba iwe ile inayovutika ya kitambaa, weka blanketi zito katikati yake wakati wa kuvuta, na watazamaji wasimame mbali, huku kwetu gari ikinasa kijiji kizima kinakuja, lazima mtu mmoja kazi yake iwe kuwasogeza watoto. Koleo refu na mbao ya kuwekea jeki vitakutoa mara nyingi kuliko winchi.

Makaratasi nayo. Ukibadilisha injini au rangi, kadi ya gari lazima isome hivyohivyo, kamalizane na TRA, mamlaka ya mapato, kabla trafiki hajakuuliza, na bima waambie umefunga nini. Taa za juu ya keria zizimwe ukiwa barabarani. Na hii ya kutoka nje ya njia isikudanganye, ndani ya hifadhi za taifa kuacha barabara ni kosa, hata kama gari yako inaweza kupanda mti.

Safari ya kwanza isiwe mbali kama hifadhi ya Katavi. Nenda sehemu ngumu ila ya kurudika, kwa sisi wa Arusha njia ya Mto wa Mbu kupita Engaruka hadi Ngare Sero, kando ya Ziwa Natron, inatosha sana, ina mawe, ina vumbi, ina makorongo, na ina vile vimatuta vya mfululizo vinavyolegeza kila nati na kuchemsha shokapu hadi huwezi kuzishika. Beba feni belti, hosi za rejeta, filta za dizeli mbili, beringi za habu na sili, senta bolti na yubolti za springi (zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli), oili ya difu, na maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani. Kila mkisimama pitisha mkono kwenye habu, yenye joto kuliko wenzake ina tatizo. Ukirudi kutoka Natron osha chini siku hiyohiyo, tope la magadi linakula chuma. Alafu yubolti zote zikazwe upya, springi mpya zikishakalia lazima zitakuwa zimelegea.