Nywila ya maneno matano: tumia kamusi na vikaratasi kumi

Nina saiba hapa Kondele, Kisumu. Mteja akija kufunguliwa akaunti ya eCitizen (huduma za serikali) au iTax (ya kodi), tukifika kwenye nywila mara nyingi hutaja jina la mtoto na mwaka aliozaliwa, au Gormahia1968, yaani timu ya soka na mwaka ilipoanzishwa. Programu za wezi huanza kubahatisha hapohapo: majina, timu, miaka. Hata G0rm@hia1968 haisaidii, maana kugeuza o kuwa 0 na a kuwa @ ni ujanja zinaoujua kitambo. Nywila nzuri huipangi kichwani. Unaipata kwa kuchomoa vikaratasi bila kuchagua.

Hatua ya kwanza: anza na barua pepe. Mwizi akishaingia humo, ataomba kiungo cha kubadilisha nywila za akaunti zako nyingine zote.

Hatua ya pili ndiyo kazi yenyewe. Kata vikaratasi kumi, andika 0 hadi 9, uvikunje na kuvitia kikombeni. Chukua kamusi ya Kiswahili. Ya mwanafunzi inatosha. Chomoa kikaratasi, andika tarakimu, kirudishe, tikisa. Mara tatu, umepata ukurasa: 0, 4, 7 ni ukurasa wa 47. Chomoa tena mara mbili upate neno la ngapi kutoka juu. Namba ikizidi kilichopo, rudia. Endelea hadi upate maneno matano, na usiyakatae eti hayapendezi, kwani ukianza kuchaguachagua umerudi kulekule kwa jina la mtoto. Kamusi yenye maneno 10,000 inatoa michanganyiko ya maneno matano ambayo idadi yake ni 1 ikifuatwa na sifuri 20.

Tatu, yafungie kisa. Tuseme umepata mhunzi-barafu-mtumbwi-pilipili-shona. Mhunzi pale Dunga ameketi juu ya barafu, mtumbwi unazama, pilipili zinaelea, naye anashona tu. Kisa kikiwa cha ajabu hakitoki kichwani. (Hii usiitumie, imeshasomwa na watu.) Iandike mara kadhaa siku hiyo bila kuchungulia, na tena asubuhi. Karatasi uliyoiandikia ifungie nyumbani, isikae kwenye pochi.

Mtandao ukidai herufi kubwa na namba, weka M mwanzoni na 7 mwishoni, basi. Nguvu iko kwenye urefu.

Usitumie nywila moja kwenye akaunti mbili. Pakua KeePass au Bitwarden, zote zinapatikana bure. Zitakutungia na kukutunzia nywila nyingine. Wewe kumbuka ya barua pepe na ya programu hiyo.

Mwisho, washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani baada ya nywila unaombwa pia namba ya muda mfupi. Chagua programu ya simu inayotoa namba mpya kila sekunde 30 badala ya SMS, kwa sababu laini yako ikihamishiwa kadi ya mwizi, SMS zinamfuata yeye. Na barua pepe yako kuu usiifungue kwenye kompyuta ya saiba, hata yangu: kompyuta inayotumiwa na kila mtu inaweza kupandikizwa programu inayonakili kila kitufe unachobonyeza, na dirisha la faragha haliizuii.