SOMO: Breki za diski zinazoshika kwenye forwili (soma kabla hujanunua kalipa)

Swali la breki zinazoshika bila kuachia nimelijibu mara nyingi mno, kwa hiyo naliandika lote hapa. Gari limetoka kwenye matope, baada ya siku mbili rimu moja inachemka na usukani unavuta upande mmoja. Wengi wanakimbilia kununua kalipa (kile chuma kinachobana pedi kwenye diski), na mara nyingi kalipa haina kosa.

1. Zuia magurudumu, nyanyua, weka stendi. Jeki peke yake haitoshi.

2. Zungusha gurudumu kwa mkono. Kukwaruza kidogo ni kawaida. Likihitaji mikono miwili, linashika.

3. Kanyaga breki, achia, zungusha tena. Likiwa gumu, fungua skrubu ya kutolea hewa iliyo kwenye kalipa robo mzunguko. Mafuta yakiruka na gurudumu likalegea, presha imenaswa: tafuta kwenye mpira wa breki (bomba laini linalopeleka mafuta kwenye kalipa) au masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali). Lisipolegea, ni pini (vijiti ambavyo kalipa huteleza juu yake), pistoni (inayoisukuma pedi) au pedi. Ni kazi ya dakika moja, na ndiyo inayoamua utanunua nini.

4. Fungua kalipa, itundike kwa waya. Isining'inie kwenye mpira wake.

5. Toa pedi. Kwangua kutu pale masikio yake yanapokaa. Pedi iingie kwa kusukumwa na kidole, sio kwa nyundo.

6. Pini. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilizisafisha zikang'aa, nikapaka grisi ya beringi iliyokuwa karibu, nikafunga. Baada ya wiki chache, kwenye mteremko mrefu, nikasikia harufu ya pedi inayoungua, kisha pedali ikazama: mafuta ya breki yalikuwa yamechemka. Gari nililisimamisha kwa gia. Nilipoivuta pini, kipete chake cha mpira kilikuwa kimevimba, laini kama ufizi, kimejaa shimo lote. Grisi ya petroli, kama hiyo ya beringi, huvimbisha sehemu za mpira za breki. Tumia grisi ya silikoni au iliyoandikwa kuwa ni ya pini za kalipa, na paka kidogo tu, kwani ukijaza shimo hewa inabanwa na kuirudisha pini nje. Weka alama pini ipi ilitoka wapi, maana mara nyingi ni moja tu yenye kipete. Kifuko cha mpira kinachofunika pini kikiwa kimechanika badilisha, la sivyo matope yatarudi. Na tafadhali, usioshe kitu chochote cha mpira kwenye breki kwa petroli au dizeli.

7. Pistoni irudishe polepole kwa klampu, huku ukichungulia chupa ya mafuta isifurike; yakimwagika yanakula rangi. Ikiwa na vishimo vya kutu, usihangaike na msasa. Badilisha pamoja na sili (pete ya mpira inayoizunguka), kwa sababu sili ndiyo inayoivuta pistoni nyuma ukiachia pedali.

8. Funga, toa hewa, kanyaga mpaka pedali ikaze. Ndipo usogeze gari.

MASWALI

– Mkuu, rimu ya mbele inachemka sana. Ninunue kalipa ipi?

Hatua ya 3 umefanya? Gurudumu lililegea au halikulegea? Bila jibu hilo sina cha kukwambia.

– Fundi wangu anapaka grisi ya kawaida miaka yote, hakuna shida.

Kipete kilichovimba nimekishika kwa mkono wangu, na pedali ilizama mguuni kwangu. Kwa hili sibishani.

– Nimefungua skrubu, gurudumu likalegea. Nitajuaje kama ni mpira au masta?

Swali zuri sana. Likishika gurudumu moja, anza na mpira. Ukuta wake wa ndani huachia na kuwa kama vali ya upande mmoja: mguu una nguvu ya kupitisha mafuta, pistoni haina nguvu ya kuyarudisha. Kwa nje unaweza kuonekana mzima kabisa. Kuthibitisha, kanyaga tena lishike, kisha legeza nati ya bomba la chuma juu ya mpira. Likibaki gumu, halafu likalegea ukifungua skrubu, umempata mwizi wako. Yakishika yote kwa pamoja, angalia fito ya pedali, ile inayosukuma masta. Lazima iwe na mchezo kidogo, vinginevyo tundu la kurudishia mafuta kwenye masta halifunguki.

– Asante mkuu, ni mpira kweli. Nibadilishe na wa upande wa pili?

Badilisha yote miwili. Imezeeka pamoja.

– Langu linashika nyuma tu, nikishusha handbreki.

Kebo hiyo. Ichomoe kwenye kalipa: gurudumu likilegea, matope yamekaukia ndani ya ganda lake.

– Naongezea: mimi nikitoka matopeni naosha kalipa jioni ileile.

Vizuri sana. Ila subiri diski ipoe kwanza. Maji baridi kwenye diski ya moto yanaweza kuipinda. Na ukishavuka maji, kanyaga breki kidogo kidogo kwa mwendo mdogo zikauke.