Namna ya kumweleza kinyozi unachotaka

"Nipunguzie kidogo" haimwambii kinyozi kitu. Taja namba ya kichana cha mashine: namba 1 huacha nywele za milimita 3, namba 2 huacha 6, namba 4 huacha kama 13. Kisha taja fedi, yaani sehemu ya pembeni ambapo nywele hufifia taratibu kuelekea chini, iishie wapi: juu kidogo ya sikio, au usawa wa paji. Mfano: "Juu namba 2, pembeni anza na 1, fedi iwe ya chini." Ukisitasita, anza na namba kubwa, kupunguza tena ni dakika mbili, kurudisha ni wiki kadhaa.

Nywele za kipilipili zichanwe kwanza zikiwa kavu, la sivyo mashine huacha mabaka.

Shepu ya mbele, yaani mstari wa nywele kwenye paji, ndiyo huharibu wengi. Mwambie afuate mstari wako wa asili. Akiurudisha nyuma hata nusu sentimita, siku chache baadaye vinyweleo vitachipua mbele ya mstari na paji litaonekana chafu.

Kisogoni usikubali wembe kama huwa unatokwa na vipele. Nywele zilizojikunja zikikatwa chini kabisa hurudi kuchoma ngozi, na vipele vya muda mrefu huacha makovu magumu. Mashine isiyokandamizwa inatosha.

Kabla hajaanza, aondoe nywele za mteja aliyetangulia kwenye meno ya mashine, apake spiriti, aiache ikauke. Kinyozi mzuri hakasiriki kuombwa hilo.

Na simu weka mfukoni: kichwa kikiinama, mstari wa kisogoni hupinda.