Somo: Kupanga malengo ya mwaka mpya mkiwa wawili, na safu ya tatu ambayo wengi huisahau

Hamjambo nyote. Nimeulizwa mara kadhaa jinsi mimi na Baba Zawadi tunavyopanga mwaka wetu, nikaona niandike hatua zote mahali pamoja kabla watu hawajapanda magari ya kwenda ushago, yaani kijijini. Tunaishi Umoja na mtoto wetu wa miaka minne. Mimi nauza kwenye duka la vifaa vya ofisi mjini, yeye yuko kwenye ghala moja Industrial Area. Nasema hayo ili mjue hesabu nitakazotoa ni za nyumba ya aina gani.

Kilichotufunza ni kushindwa. Mwaka juzi niliandika kwamba nitasoma uhasibu, CPA, masomo ya jioni. Baba Zawadi akasema vizuri mke wangu, anza. Darasa lilikuwa Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa kumi na moja na nusu mpaka saa mbili usiku. Tulikubaliana yeye amchukue mtoto kwa mama anayemlea pale mtaani. Basi, hatukusema zaidi ya hapo.

Jumanne moja mwezi wa Machi, mvua ilikuwa imefunga Jogoo Road. Mwenzangu alizuiliwa kazini, mimi nikakwama kwenye matatu. Nilifika kwa yule mama saa tatu na dakika kumi usiku. Zawadi alikuwa amelala juu ya godoro dogo, viatu mguuni, begi lake mgongoni. Amekataa kulivua, niliambiwa, kwa sababu baba anakuja sasa hivi. Mama wa watu alikuwa mlangoni, sahani yake ya ugali imefunikwa, hajala. Akaniambia maneno haya tu: "Mama Zawadi, hata mimi nina watoto."

Wiki iliyofuata niliacha masomo. Tukagombana sana. Ni katika ugomvi huo nilipojua kwamba ili awahi kumchukua mtoto, mume wangu alikuwa ameacha kazi ya saa za ziada siku mbili kila wiki, na pesa za saa hizo ndizo zilizokuwa zikinunua dawa za presha za mama yake. Alinyamaza ili nisome. Nami nilikuwa nasoma bila kujua ni nani anayelipa.

Lengo langu lilikuwa jema na nia yangu ilikuwa ya kweli. Lakini hatukuandika mwenzangu angelipa nini. Hatua zote zinazofuata zimejengwa juu ya jambo hilo.

Hatua ya 1: Chagueni siku na mahali

Sisi hutumia tarehe 28 au 29 Desemba. Nairobi siku hizo imepungua watu, barabara ni nyeupe, na mishahara bado haijaisha yote. Mkienda ushago, fanyeni kabla ya safari, kwa sababu huko hamtapata saa mbili za peke yenu. Tokeni nyumbani. Sisi tulikaa kwenye benchi pale Arboretum na chupa ya chai. Nyumbani kuna televisheni, kuna jirani, kuna vyombo vinavyokutazama.

Hatua ya 2: Hesabuni mwaka uliopita kwanza

Kila mmoja aombe taarifa yake ya M-Pesa ya mwaka mzima. Unaipata kwa *334# au kwenye programu ya simu, inakuja kwa barua pepe na namba ya siri ya kuifungua. Mwanzoni mwake kuna muhtasari: ulizotuma, ulizotoa kwa wakala, ulizolipa paybili na till. Isomeni muhtasari pamoja. Si wakati wa kuulizana "huyu uliyemtumia 2,000 ni nani?" Mkianza hivyo kikao kimekufa. Tafuteni jumla tu.

Sisi tulikuta makato ya kutoa pesa pamoja na ada za Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa salio likikwisha, yamefika shilingi 11,260 kwa mwaka. Kodi yetu ya nyumba ni 16,000 kwa mwezi. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameona pesa hizo zikitoka, kwa kuwa zilitoka vidogovidogo. Fuliza hukata asilimia 1 ukiitumia, kisha ada ya kila siku mpaka ulipe, na mtu aliyechoka mwisho wa mwezi hahesabu siku.

Hatua ya 3: Kila mmoja aandike peke yake, matatu tu

Karatasi mbili, kalamu mbili, dakika ishirini, bila kuchunguliana. Yawe malengo yako mwenyewe: afya, masomo, kazi, imani, ujuzi. Ya nyumba yatakuja. Ukiandika kumi, hujachagua.

Hatua ya 4: Safu ya tatu

Hapa msiharakishe. Chukua daftari, chora safu tatu. Ya kwanza ni lengo. Ya pili ni kitu utakachofanya wewe, kwa siku na saa. Ya tatu ni kitu atakacholipa mwenzako.

Safu ya tatu huijazi wewe. Mpe mwenzako kalamu aijaze kwa mkono wake, nawe ukae kimya mpaka amalize. Hili ni gumu kuliko linavyosikika. Mara ya kwanza nilimkatiza Baba Zawadi mara tatu nikisema "lakini hiyo si shida". Akaweka kalamu chini. Ilibidi niombe radhi tuanze tena.

Malipo si pesa peke yake. Ni usingizi, ni saa za kumlea mtoto, ni Jumapili yake ya kupumzika, ni kula chakula cha jana siku mbili kwa wiki. Yeye aliandika kwamba anataka leseni ya kuendesha lori, ili atoke kwenye kupakia mizigo aingie kwenye kuendesha. Mafunzo yalikuwa alfajiri. Katika safu ya tatu niliandika: "Kumwamsha Zawadi, kumwogesha na kumfikisha peke yangu, wiki sita. Nitachelewa kazini siku nyingine. Nitakuwa mkali." Alisoma neno la mwisho mara mbili, akasema basi jioni za wiki hizo vyombo ni vyake.

Na kwangu je? Niliandika CPA tena, masomo ya jioni vilevile. Yeye akaandika: "Saa za ziada Jumanne na Alhamisi. Dawa za Mama." Nilipoona imeandikwa, sikuhitaji kubishana. Tuliuliza kama kuna darasa la Jumamosi, likawepo. Jumamosi yeye hana kazi. Alichotoa ni mechi yake ya asubuhi na marafiki, na hilo aliliandika mwenyewe akijua anachokitoa.

Kama mwenzako ameandika kitu ambacho hakubali kukilipa, lengo halifutwi papo hapo. Badilisheni siku, punguzeni ukubwa, au lisogezwe nusu ya pili ya mwaka. Ila lisianze hivyohivyo.

Hatua ya 5: Wekeni pesa kila moja mahali pake

Baada ya kodi, chakula, nauli, mlezi wa mtoto na pesa za wazazi, tulibaki na 9,400 kwa mwezi. Tukagawa: 4,000 sacco (chama cha akiba na mikopo), 3,500 masomo, 1,900 dharura. Sacco tumeichagua kwa sababu pesa haitoki kwa urahisi, na sacco nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako ukiwa na wadhamini. Akiba ya 48,000 kwa mwaka inaweza kufungua mkopo wa 144,000. Kabla ya kujiunga, hakikisha ina leseni ya SASRA, mamlaka inayosimamia sacco. Ya dharura tumeiweka kwenye mfuko wa soko la fedha (money market fund), kwa maana hutoa pesa ndani ya siku chache na riba inahesabiwa kila siku, ingawa serikali hukata asilimia 15 ya riba hiyo.

Agizo la kukata pesa liwekwe siku ya mshahara, kabla hamjanunua hata unga.

Hatua ya 6: Kikao kila mwezi

Jumapili ya kwanza, nusu saa, daftari mezani. Kila mmoja aeleze lake mwenyewe, asisemewe. Angalieni safu ya tatu kabla ya ya kwanza: mwenzangu, bado unaweza kulipa? Mwezi wa Juni mama mkwe alilazwa, tukasimamisha sacco miezi miwili. Tuliandika "imesimama" na tarehe ya kurudi.

Maswali ya wanachama

*Mama Tumaini, Kayole: Mume wangu hataki kuandika. Anasema hayo ni mambo ya ofisini, ndoa haiendeshwi kwa daftari. Nifanyeje?*

Dada, usimlazimishe daftari. Muulize mkiwa mnafanya jambo lingine, mnatembea kutoka kanisani au anarekebisha kitu: "Mwaka huu ungependa kitu gani kiwe chako?" Msikilize. Jioni andika alichosema kwa maneno yake, umsomee, umuulize kama umeandika sawasawa. Wanaume wengi niliowaona hawakatai malengo, wanaogopa kuja kuhukumiwa kwa karatasi mwezi wa sita. Mwambie pia safu ya tatu inamlinda yeye.

*Kijana wa Zimmerman: Mimi ni wa mjengo, kibarua wa ujenzi, mke wangu anauza mboga. Leo ipo, kesho hakuna. Nitaandikaje 4,000 kwa mwezi?*

Usiandike kwa mwezi, ndugu yangu. Andika kwa siku ya kazi. Kila siku uliyoitwa mjengo, 100 zinatoka kabla hujafika nyumbani. Siku hukuitwa, hudaiwi. Mwisho wa mwezi mnahesabu siku, hamhesabu deni. Mkeo naye aweke yake jioni anapofunga meza, kwenye akaunti tofauti na ile ya kununulia mzigo. Mtaji wa mboga usiguswe kwa lengo lolote, hata lako.

*Dada wa Lang'ata: Mchumba wangu yuko Mombasa, mimi hapa. Tutafanyaje kikao?*

Kikao kifanyike kwa simu, ila daftari liwe moja, mmoja aandike, alipige picha amtumie mwenzake. Na gharama ya kuonana iingie kwenye safu ya tatu. Nauli ya kawaida ya treni ya SGR ilipanda Januari 2024 kutoka 1,000 hadi 1,500. Kwenda na kurudi mara moja kila mwezi ni 36,000 kwa mwaka. Nani analipa, na mnapokezana vipi? Nimeona wachumba wakiachana kwa sababu ni mmoja tu aliyekuwa akisafiri.

*Jina kapuni: Nina mikopo mitatu ya simu. Mume wangu hajui. Nikifungua taarifa ya M-Pesa mbele yake ataona.*

Asante kwa kuuliza, najua haikuwa rahisi. Mwambie kabla ya kikao, siku nyingine kabisa, usingoje akute mwenyewe kwenye karatasi. Andaa namba tatu: unadaiwa ngapi kwa jumla, ipi inakua haraka zaidi, na unaweza kulipa ngapi kwa wiki. Omba pia taarifa yako ya CRB, ofisi inayoweka kumbukumbu za mikopo ya watu, una haki ya nakala moja ya bure kila mwaka, ili usimpe hesabu nusu. Kisha kulipa deni hilo liwe lengo lako la kwanza, lenye safu ya tatu kama mengine. Lakini kama hofu yako ni ya kupigwa, usimwambie mkiwa wawili. Zungumza kwanza na mtu unayemwamini, na namba 1195, ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia, ni ya bure.

*Baba wa watatu, Githurai: Karo ya Januari inameza kila kitu. Hizi hesabu zako tutaanza nazo lini?*

Anzeni Machi. Nasema kwa dhati. Shule nyingi za sekondari hugawa karo asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili, 20 wa tatu, kwa hiyo Januari ndiyo nzito kuliko zote. Januari na Februari wekeni malengo yasiyotaka pesa, kama kulala mapema, kutembea jioni au kusoma. Mwezi wa tisa, muhula wa tatu ukishalipwa, anzeni kuweka ya Januari ijayo.

*Mama Tumaini tena: Na je, masomo uliyarudia?*

Niliyarudia, mama. Ngazi ya kwanza ya CPA, mtihani wa KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu, nimefaulu, sasa naisomea inayofuata. Jumamosi Baba Zawadi na binti yake hupika chapati. Nikirudi saa tisa nakuta unga mpaka kwenye pazia, na zangu mbili zimefunikwa kwa sahani, moja ikiwa na umbo ambalo Zawadi anasema ni simba.