Jinsi ya Kutafuta Virusi vya Arkea katika Chemchemi Moto za Asidi

Chota maji pamoja na tope lake kwa chupa safi inayofungwa barabara, ukiandika papo hapo halijoto na kiwango cha asidi, kwa maana arkea (viumbe vya seli moja visivyo na kiini, vinavyofanana na bakteria kwa umbo) wa jenasi Sulfolobus, ambao virusi hivi huwashambulia, hustawi karibu na nyuzi 80 za Selsiasi na pH ya 2 hadi 3. (Tumia mti mrefu wa kuchotea, kingo za chemchemi hizi hubomoka bila taarifa.) Maabarani, kuza sampuli katika hali hiyohiyo hadi maji yapoteze uangavu kwa kujaa seli, tenga seli kwa sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi), kisha pitisha majimaji yaliyobaki kwenye chujio lenye matundu ya mikromita 0.45.

Kazi ngumu ni sahani za kupimia: agari, ute mgumu unaooteshewa seli kwa kawaida, hulegea kwa joto na asidi hiyo, hivyo tumia gelani, ute unaostahimili zaidi, na uzifungie sahani katika chombo chenye unyevu zisikauke. Dondoshea majimaji yaliyochujwa juu ya tabaka la seli za Sulfolobus zilizooteshwa kwenye sahani. Doa angavu huashiria maambukizi, ingawa lisipotokea usikate tamaa, kwa kuwa baadhi ya virusi hivi, kama SSV1 chenye umbo la limau, hutoka bila kuipasua seli. Hapo hadubini ya elektroni ndiyo itakayokata shauri.