Jinsi ya Kuchunguza Usajili wa Daktari Aliyekutibu, na Jinsi ya Kuandika Lalamiko Litakalosikilizwa: Mwongozo kwa Wakaazi wa Unguja na Pemba

Mimi ni msaidizi wa sheria hapa Wete, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwaandikia watu barua: za mashamba, za mirathi, za matunzo ya watoto na, mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, za malalamiko dhidi ya madaktari. Hizi za mwisho ndizo zinazokwama zaidi, na hazikwami kwa kuwa mlalamikaji hana haki, bali kwa kuwa amefika kwangu na jina moja tu mkononi: "Dokta Ali." Hana jina la baba, hana tarehe, hana nambari ya faili. Mwongozo huu unafuata njia ninayoitumia mimi, na unaanzia mbali kidogo na barua yenyewe, kwa sababu barua nzuri huanza siku ya matibabu.

Hatua ya kwanza: Jua aliyekutibu ni nani hasa

Kwetu sisi kila aliyevaa koti jeupe ni dokta. Lakini aliyekuandikia dawa anaweza kuwa daktari, anaweza kuwa ofisa tabibu, na aliyekuchoma sindano huenda ni muuguzi au mkunga. Tofauti hii si ya heshima tu. Madaktari wana baraza lao na wauguzi na wakunga wana lao, kila baraza na daftari lake la usajili, na lalamiko linalomhusu muuguzi likipelekwa kwa Baraza la Madaktari litarudi bila ya kusikilizwa, nawe utakuwa umepoteza wiki kadhaa.

Basi uliza, na uulize mapema, kabla hakujaharibika kitu. Wengi huona haya, wakidhani kumuuliza daktari jina lake ni kumvunjia adabu. Mimi huwafundisha watu waseme hivi: "Dokta, samahani, naomba jina lako kamili na nambari yako ya usajili, niandike kwenye cheti changu nisije nikasahau." Katika miaka yangu yote sijapata kusikia daktari mwenye usajili wake aliyekasirishwa na maneno hayo. Wengi huandika wenyewe.

Jina kamili maana yake ni majina matatu: lake, la baba na la babu. Katika visiwa hivi ambavyo Ali, Khamis, Juma na Mohamed wamejaa kila shehia, majina mawili hayamtambulishi mtu. Angalia pia namna jina linavyoandikwa, kwa sababu Khamis huandikwa Hamis, Abdalla huandikwa Abdulla, na Mohamed hufupishwa mara nyingi kuwa Moh'd, na ukilitafuta kwa tahajia moja tu unaweza kuambiwa kwamba mtu huyo hayumo ilhali yumo.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu niliwahi kulikosea mwenyewe. Alinijia mama mmoja na mwanawe wa miaka tisa ambaye mkono wake uliovunjika uliungwa ukapinda. Cheti kilikuwa na saini isiyosomeka na muhuri uliopigwa kwa wino mwingi mno, hata tarakimu moja ya nambari ya usajili haikujulikana kama ni 3 au 8. Mama alilijua jina la kwanza na la baba, na mimi nikaandika barua kwa majina hayo mawili. Baada ya wiki tatu alinijia ofisini daktari nisiyemjua, akakaa kwenye kiti mbele yangu, akaniwekea mezani barua yake ya likizo ya masomo. Mwezi ule wote alikuwa Unguja. Aliyemtibu mtoto alikuwa mwengine mwenye majina hayo hayo mawili. Niliandika barua ya kufuta madai na ya kumtaka radhi siku ile ile, lakini jina la mtu asiye na kosa lilikuwa limeshapita mikononi mwa wakubwa wake. Tangu siku hiyo siandiki lalamiko lolote bila ya majina matatu, au nambari ya usajili inayosomeka.

Hatua ya pili: Hifadhi karatasi zako

Piga picha kwa simu, siku hiyo hiyo, kila karatasi uliyopewa: cheti, majibu ya maabara, daftari la mgonjwa, risiti. Risiti za mashine zina wino unaofifia, hasa zikikaa ndani ya mkoba penye joto, na baada ya miezi michache hubaki karatasi nyeupe. Muhuri usiposomeka, omba upigwe tena. Nambari ya faili iandike pembeni kwa kalamu.

Hatua ya tatu: Ijue rejista inayohusika

Afya si jambo la Muungano. Kwa hiyo daktari anayefanya kazi Unguja au Pemba anasimamiwa na Baraza la Madaktari Zanzibar, na anayefanya kazi Tanga au Dar es Salaam, ambako wengi wetu hupelekwa kwa matibabu makubwa, anasimamiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika chini ya Sheria Na. 11 ya mwaka 2017. Jina hilo la Tanganyika, ambalo vijana hulishangaa, lina faida yake: linakuonesha wazi mpaka wa mamlaka ya baraza hilo. Usimlalamikie daktari wa Pemba huko, wala usimlalamikie daktari wa Bara hapa. Kinachoamua ni mahali alipokutibia, si mahali alipozaliwa.

Yako mambo manne ya kuuliza kuhusu daktari yeyote. Je, amesajiliwa? Je, usajili wake ni kamili, au ni wa muda, kama wa daktari aliye katika mafunzo kwa vitendo ambaye anapaswa kufanya kazi chini ya mkubwa wake? Je, leseni yake ni hai kwa mwaka huu? Je, amewahi kusimamishwa au kuwekewa masharti? Likiwa suala lako ni la upasuaji au la macho, ongeza la tano: je, ubingwa anaojitangazia umeandikwa rejistani?

Kuhusu madaktari wa kigeni, ambao sisi tumewazoea tangu miaka ya 1960 zilipoanza kuja timu za madaktari kutoka China, kanuni ni ile ile. "Yule Mchina" si jina. Uongozi wa hospitali unalo jina lake, basi liombe huko, na ukiweza chukua na jina la mkalimani aliyekuwapo, kwani mara nyengine kosa limo katika tafsiri na si katika tiba.

Swali la nne, la kusimamishwa na masharti, ndilo ninalolipigania kuliko yote. Daktari Harold Shipman wa Uingereza alitiwa hatiani mwaka 1976 kwa kughushi vyeti vya pethidini, dawa kali ya maumivu inayolevya, aliyokuwa akiitumia mwenyewe. Baraza la huko lilimpa onyo kwa barua, akarudi kazini mji mwengine, na wagonjwa wake wapya hawakuwa na njia ya kulijua hilo. Mwaka 2000 alihukumiwa kwa kuwaua wagonjwa 15, na uchunguzi rasmi uliofuata ukathibitisha kwamba aliowaua walifika 215. Leo rejista ya Uingereza iko wazi katika intaneti, na humo mtu yeyote husoma masharti aliyowekewa daktari. Marekani, kwa upande wake, ina hazina ya taifa ya kumbukumbu za madaktari iliyofunguliwa mwaka 1990, ambayo hospitali huisoma lakini mgonjwa wa kawaida haruhusiwi kumtafuta daktari wake humo kwa jina. Kwa hiyo kuwapo kwa daftari na kufunguliwa kwa daftari ni mambo mawili, na la pili halipatikani mpaka watu waliulizie.

Hatua ya nne: Andika barua ya kuulizia

Barua hii si lalamiko, na usiichanganye na lalamiko. Iwe fupi. Mimi huandika hivi:

"Kwa Mrajis, Baraza la Madaktari Zanzibar. Naomba kuthibitishiwa kama (majina matatu), anayetoa huduma katika (kituo), amesajiliwa, ni kwa daraja gani la usajili, kama leseni yake ni hai, na kama kuna masharti yoyote katika usajili wake. Siombi taarifa za maisha yake binafsi wala za mgonjwa yeyote."

Sentensi ya mwisho ina kazi kubwa. Anuani ya nyumbani kwa daktari, afya yake na familia yake si haki yako kuzijua, na ukilisema hilo mwenyewe unamwondolea mrajis sababu ya kusita. Ukitaka kutaja msingi wa ombi lako, taja kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, kinachozungumzia haki ya kutafuta na kupokea habari.

Hatua ya tano: Ukilalamika, simulia ulichokiona

Anza kwa daktari dhamana wa hospitali, kwa maandishi, kwani mengi humalizikia hapo. Lisipomalizika, nenda Baraza. Kama tatizo ni kituo chenyewe cha binafsi, uchafu wake, vifaa vyake au watu wasio na sifa, kuna Bodi ya Ushauri ya Hospitali Binafsi. Kama umedaiwa hongo, hilo ni la ZAECA, yaani mamlaka ya kuzuia rushwa na uhujumu uchumi ya Zanzibar. Kama unataka fidia ya fedha, jua kwamba Baraza linaweza kumuonya daktari, kumsimamisha au kumfuta, lakini fidia hutolewa na mahakama. Katika hilo tafuta wakili, au nenda Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kinachofanya kazi hii tangu mwaka 1992 na kina ofisi Pemba pia.

Ndani ya barua panga mambo kwa saa na tarehe. Usiandike "alimuua mama yangu kwa uzembe". Andika: "Tulifika saa mbili usiku. Muuguzi alimpima presha. Daktari alifika saa saba usiku. Mama alifariki saa nane." Maneno haya makavu yana uzito kuliko tusi lolote, kwa kuwa kila moja linaweza kulinganishwa na daftari la zamu. Mgonjwa mwenyewe atie saini ya kuruhusu faili lake lifunguliwe kwa ajili ya uchunguzi, na akiwa amefariki, asaini wa karibu yake. Bila ya ruhusa hiyo hospitali itajificha nyuma ya siri ya mgonjwa, na itakuwa na haki ya kufanya hivyo.

Wakati huo wote usilitie jina la daktari katika makundi ya WhatsApp. Najua uchungu unavyosukuma mkono, lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafika mpaka huku kwetu, na anayesambaza taarifa ya uongo anaweza kushtakiwa yeye. Kumbuka na yule daktari wa likizo ya masomo.

Hatua ya sita: Dai muhuri

Peleka nakala mbili. Moja ibaki ofisini, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na mwenye kuipokea aandike jina lake. Usiondoke dirishani bila ya hiyo, hata ukiambiwa mwenye muhuri ametoka kidogo. Kaa kwenye benchi umsubiri. Ukikaa mwezi mzima bila ya jibu, andika barua ya pili inayotaja tarehe ya ile ya kwanza, na nakala yake uipeleke Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Yule mama wa mtoto wa mkono aliandika barua tatu. Ya tatu ilikuwa na majina matatu, tuliyoyapata kwenye daftari la chumba cha plasta, na hiyo ndiyo iliyompatia barua ya kuitwa kwenye kikao.