Mashine kuukuu ya boti: anza na njia ya maji

Mimi ni fundi wa mashine za boti Kilindoni, kisiwani Mafia. Nyingi ninazoletewa ni Yamaha Enduro kuukuu, za nguvu farasi 15 na 40, zile za petroli ya kuchanganya na oili. Mwenye boti akifika hutaka nifungue kabureta. Mimi huuliza kwanza kama maji ya kupoozea yanatoka kwa nguvu, maana mashine ikipata moto kupita kiasi pistoni hukwama ndani ya silinda, na hapo kabureta haina msaada.

Maji yakitoka kwa unyonge, zima. Pitisha waya mwembamba kwenye kitundu yanakotokea. Mara nyingine ni chumvi au mchanga tu. Kama hali ni ileile, ugonjwa uko kwenye pampu. Achanisha fimbo ya gia, fungua bolti za mguu wa chini, yaani sehemu yenye gia na propela, uushushe wima taratibu. Juu yake kuna pampu, na ndani ya pampu impela ya mpira, kigurudumu cha mapezi kinachosukuma maji. Mapezi yake yakiwa yamepasuka, au yamejikunja na hayanyooki tena, weka mpya. Pezi likikosekana, litafute mpaka ulipate: limepanda na maji na litaziba njia huko juu hata kama impela ni mpya. Pitisha ukucha kwenye bati iliyo chini ya impela. Ukikwama kwenye mfereji, bati nayo imelika. Unaporudisha, paka grisi, kikalishe vizuri kile kichuma kidogo kinachoshikanisha impela na shafti, kisha zungusha shafti kufuata mshale wa saa huku ukikandamiza kifuniko, mapezi yalale upande unaotakiwa.

Bolti zilizoshikwa na chumvi zinataka subira. Zimiminie mafuta ya kulegeza kutu jioni, uziache hadi asubuhi. Gonga kichwa kidogo kidogo, kaza kwanza kidogo, ndipo ulegeze. Ikikatikia ndani ya aluminiamu, utatoboa kutwa nzima. Kila bolti inayorudi ipakwe grisi. Huniuma kukuta mashine nzuri imefungwa bolti kavu.

Kama ina thamostati, kile kivalvu kinachozuia maji ya kupoozea mpaka mashine ipate joto, usiitupe kama wengi wanavyofanya, kwani mashine inayofanya kazi ikiwa baridi mno huchafua plagi. Itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, uyapashe moto: nzima hufunguka kabla maji hayajachemka.

Oili ya gia ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Chomoa propela uangalie shafti yake. Kwetu mkosaji ni mshipi wa nailoni, hujiviringisha pale na kukata sili, ule mpira unaozuia maji kuingia. Oili mpya ijaze kutokea tundu la chini hadi itokeze juu. Funga la juu kwanza.

Petroli: dumu la lita 25 kwa nusu lita ya oili ya mashine za boti, yenye alama ya TC-W3, siyo ya pikipiki. Mashine za zamani zaidi hutaka oili nyingi kuliko hiyo, kwa hiyo fuata kibao chake.

Ukirudi kutoka baharini, iwashe ndani ya pipa la maji ya kisima kwa dakika kumi, isiwashwe kavu kamwe. Kabla ya kuipumzisha kwa ajili ya kusi, chomoa mpira wa petroli ingali inanguruma, uiache izimike yenyewe ili kabureta ikauke.